Bei ya Mgeni na Bei ya Mwenyeji

Kwa jina la Mwenyiezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeitandaza nchi na akawapitisha waja wake juu yake, huyu leo ni mwenyeji na kesho ni mgeni. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye alikuwa mfanya biashara kabla ya kupewa utume, na watu wa mji wake wakamwita Mwaminifu; na ziwafikie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa pwani na wa bara, katika kijitabu hiki twataka kusema juu ya mas-ala moja iliyoenea katika miji yetu hata watu hawaioni tena kuwa ni mas-ala. Nayo ni kitu kimoja, siku moja, mahali pamoja, kuwa na bei mbili: ya mwenyeji na ya mgeni. Mwenye chombo ana nauli mbili, mwenye nyumba ya kulala ana bei mbili, mwenye gari ana bei mbili, hata muuza embe akimwona mtu asiyemjua hugeuza bei kabla ya kuitika salamu. Ninyi wa Unguja na Mombasa na Lamu mwayajua haya kuliko sisi, kwani wageni kwenu ni wengi. Lakini mimi ni mtu wa Ujiji. Nitasema niliyoyaona katika Ziwa Tanganyika, nanyi mtayapima kwa ya kwenu.

Asubuhi moja nilipanda boti ya abiria pale Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, nikienda taazia katika kijiji kimoja cha upande wa kaskazini. Nahodha wa boti ile ni kijana aliyesoma chuoni kwangu tangu alifu hata akahitimu Kurani. Tulikuwa watu wengi, pamoja na magunia ya unga na madumu ya mawese. Katika abiria walikuwamo wawili wasio wa kwetu. Mmoja ni kijana wa Kizungu mwenye mkoba mkubwa mgongoni, aliyekuwa akienda Gombe kuwatazama sokwe. Wa pili ni mama mmoja mwenye mtoto wa homa kifuani, ambaye kwa lafudhi yake alijulikana kuwa ni mtu wa ng'ambo, upande wa Kongo.

Hapana aliyetajiwa nauli tulipokuwa nchi kavu. Tulipokwisha kuiacha pwani nyuma, na maji yametuzunguka, ndipo kijana mkusanya fedha alipopita. Wenyeji walitoa shilingi 5,000 kila mtu. Yule mama aliambiwa atoe 10,000. Akauliza kwa upole, "Ndiyo nauli ya wote?" Akajibiwa, "Ndiyo, ya wote." Akafungua fundo la kitenge chake, akahesabu noti moja moja, akatoa. Kijana wa Kizungu aliambiwa 40,000, akatoa wala hakuuliza neno. Ilipofika zamu yangu, nahodha alisema kutoka nyuma kwenye injini, "Maalim usimtoze, huyu ni mwalimu wetu." Nami nikamshukuru, nikamwombea dua, nikarejea katika uradi wangu.

Niliyaona haya na nikayasikia, kisha nikanyamaza.

Jioni ya pili yake, baada ya sala ya magharibi, tulikuwa madrasani tukisoma mlango wa ijara, yaani mambo ya kukodi na kupanga na kulipa ujira. Mwanafunzi mmoja mdogo akanyanyua mkono, akasema, "Maalim, jana nami nalikuwa katika boti ile. Yule mama alilipa nauli mbili, naye alikaa mahali pamoja. Na Maalim alikaa mahali pamoja wala hakulipa kitu. Je, ile nauli ya pili ya yule mama ilikuwa ya nani?" Wenziwe wakamtazama kwa khofu. Nami sikuwa na jawabu. Nikafunga kitabu, nikawaruhusu waende zao.

Kijitabu hiki ndicho jawabu yangu kwa mtoto yule.

Siku ya tatu nilimwita nahodha, akaja nyumbani kwa adabu, nikamweleza niliyoyaona. Hakukana. Alisema, "Maalim, mimi nina hoja tatu. Kwanza, boti ni mali yangu na bei ni yangu, asiyetaka asipande. Pili, serikali yenyewe hutoza bei ya mgeni na bei ya mwananchi, na hapana aliyesema ni dhulma. Tatu, wageni wana mali, na sisi tukienda kwao hututoza zaidi. Basi kuna ubaya gani nasi tukiwatoza?" Nimeziandika hoja hizi kama alivyozisema, kwani si hoja za mpumbavu, na naamini katika wasomaji wangu wamo wengi wanaozishika. Yatupasa kuzijibu moja moja, kwa insafu.

Hoja ya kwanza: mali ni yangu na bei ni yangu. Katika neno hili mna ukweli mkubwa, wala hatuwezi kuuficha. Sharia yetu imejenga biashara juu ya kuridhiana kwa pande mbili. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakimwomba awawekee bei, naye akakataa, akawaambia kuwa bei zimo katika mikono ya Mwenyiezi Mungu, na kwamba yeye ataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, mtu akinunua kitu kwa bei kubwa kupita thamani yake, na muuzaji hakumdanganya wala hakumficha aibu ya kitu, basi bei hiyo imesihi, wala mnunuzi hana khiyari ya kurudisha kwa sababu ya ughali peke yake. Maana ilimpasa kuuliza na kupima. Tena mwenye mali ana ruhusa ya kumpunguzia ampendaye, jirani yake, jamaa yake, mwalimu wake. Hiyo ni hiba, na mtu hahukumiwi kwa ukarimu wake.

Basi kuwa na bei mbili, kwa nafsi yake, si haramu. Nalisema wazi ili asije mtu akadhani kuwa nimekuja kuwaharamishia watu riziki zao.

Walakini tazama yale yaliyotokea katika boti ile. Nauli ni ujira, na sharti ya ujira ni kujulikana kabla ya kazi. Yule mama hakutajiwa kitu pwani. Alitajiwa katikati ya maji, mahali ambapo neno la "asiyetaka asipande" halina maana, kwani amekwisha panda, wala hapana chombo kingine, wala hawezi kushuka na mtoto wake mgonjwa. Hapo hapana kuridhiana, pana kulazimika. Na wanazuoni wetu wamesema kwamba ijara ikiharibika kwa kutojulikana ujira, na mtu amekwisha pata manufaa, basi kinachomlazimu ni ujira wa mfano, yaani ile nauli ilipwayo na watu kwa safari kama ile. Nao ulijulikana na kila aliyekuwamo chomboni isipokuwa yeye: shilingi 5,000. Zile 5,000 za pili hazikuwa bei ya mwenye mali. Zilikuwa mali ya yule mama mikononi mwa mtu mwingine. Tena aliuliza, akaambiwa uwongo. Lau angaliambiwa, "Wenyeji twawatoza tano, na wewe twataka kumi," angalikuwa na njia ya kusema, ya kuomba, hata ya kutafuta boti nyingine kabla ya kuondoka. Uwongo ndio uliomwondolea njia hiyo. Na imepokewa vilevile katazo la kufanya biashara na mtu aliyedhikika kwa kuitumia dhiki yake. Na ingawa wenye elimu ya hadithi wamesema maneno katika isnadi ya katazo hilo, maana yake hapana mwenye moyo asiyeijua.

Juu ya hayo, sharia haikumwacha mgeni peke yake na ujinga wake. Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu wa mjini kuutangulia msafara njiani na kununua bidhaa zake kabla wenyewe hawajafika sokoni na kuzijua bei. Na Mashafi'i wamesema kwamba mwenye bidhaa aliyepunjwa namna hiyo ana khiyari akifika sokoni: akitaka ataipitisha bei, akitaka ataivunja. Tazama basi. Yule yule aliyeambiwa kuwa hana khiyari kwa ughali peke yake, hapa amepewa khiyari. Kwa nini? Kwa sababu hapa ujinga wake umewindwa. Mtu ametoka mjini kwa kusudi akamwendea kabla hajajua. Na je, wale vijana wanaowakimbilia wafanya biashara wa Kongo na Burundi majini, kabla chombo hakijafunga kamba, wakawatajia bei zisizokuwako sokoni, wao ni akina nani kama si wale wale waliokatazwa?

Hoja ya pili: serikali hufanya hivyo. Ni kweli, hufanya. Hifadhi ya Gombe, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ina viingilio vya daraja tatu: mgeni wa nchi za nje, mgeni aliye mkazi wa nchi hii, na raia wa Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi mgeni wa nje ametozwa dola 100 za Marekani kwa kuingia, na raia hulipa kwa shilingi fungu dogo sana la hizo. Kadhalika meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikainuliwa na kurudi kazini mwaka 1927: katika miaka ya karibu ya safari zake, wageni wa nje walilipa kwa dola nauli yao mbali, na wananchi kwa shilingi. Na ninyi wa pwani mwajua kuwa vyombo vya kwenda Unguja vina nauli ya mkazi na nauli ya asiye mkazi.

Jambo hili lina asili katika historia yetu. Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amridhie, aliandikiwa na Abu Musa al-Ash'ari kwamba wafanya biashara wa Kiislamu wakiingia nchi za watu wasio na mkataba nasi hutozwa fungu la kumi. Umar akaamuru wafanya biashara wa nchi zile watozwe kumi vilevile, na wasio Waislamu walio chini ya ahadi yetu watozwe nusu ya hiyo, na Muislamu robo yake. Basi hapo pana daraja tatu, na aliyeziweka ni mtu ambaye hapana awezaye kumtuhumu kwa dhulma.

Lakini ewe mwenye kutoa hoja hii, zitazame sharti zake kabla ya kuichukua. Kwanza, kiwango kile kilijulikana. Mfanya biashara alikijua kabla ya kufunga mzigo wake, kama vile viingilio vya Gombe vinavyotangazwa, na mgeni huvisoma akiwa bado kwao. Pili, kilikwenda katika mali ya watu wote, wala si mfukoni mwa mkusanyaji. Tatu, kilikuwa na sababu isemekayo. Msitu wa Gombe ni mali ya taifa. Watu wa nchi hii huutunza kwa kodi zao, na watu wa vijiji vya jirani wameacha kulima na kukata kuni ndani yake. Basi mwananchi alipolipa kidogo langoni, alikwisha kulipa nyuma yake. Je, mwenye boti ana mkataba gani wa namna hii? Injini yake hainywi mafuta zaidi kwa sababu abiria ni Mkongo, wala mama yule hachukui mahali pawili kwa sababu alizaliwa ng'ambo. Mtawala akitofautisha kwa sababu na kwa kutangaza, ni siasa ya nchi, nayo hupimwa kwa maslaha. Mtu mmoja akitofautisha kwa kuficha, huyo amejifanya mtawala bila ya dhima ya mtawala.

Hoja ya tatu: wageni wana mali, nao kwao hututoza. Ndiyo, hututoza. Tangu mwezi wa Juni 2024, mtu wa kwetu akiomba ruhusa ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa safari fupi hulipa euro 90, na akikataliwa hazirudi. Vyuo vikuu vya Uingereza huwatoza wanafunzi wa nje ada kubwa kuliko ya wenyeji. Hata mimi nilipokwenda Hija, dereva mmoja alinitoza mara tatu ya aliyowatoza wenzangu waliojua usemi wa mtaa, ingawa nami nalisema Kiarabu, Kiarabu cha vitabuni. Naikumbuka hasira niliyokuwa nayo siku ile, na naikumbuka aibu yake kuliko hasira, kwani nilijiona nimekuwa mawindo katika mji mtukufu.

Lakini kumlipiza mtu jambo alilotendwa na mwingine si kisasi wala si haki. Kijana yule wa Kizungu si balozi wa nchi yake. Huenda ni mwalimu wa shule aliyeweka akiba miaka mitatu. Na yule mama ametutoza nini? Hapa ndipo penye siri ya mas-ala yote. Sisi husema "mgeni" tukimkusudia tajiri wa Ulaya, kisha mkono ukishazoea, haumwulizi mgeni ana nini, huuliza tu kama anajua au hajui. Bei ya uso huanza kwa tajiri, nayo hukomea kwa maskini, kwa sababu maskini mgeni hana jamaa wa kumsemea wala lugha ya kugombana. Tajiri akizidishiwa 35,000 huandika katika daftari yake kisha husahau. Mama wa Kongo akizidishiwa 5,000 ile ilikuwa dawa ya mtoto.

Na sisi watu wa pwani hii ya ziwa ni akina nani hata tumwite mtu mgeni? Wenye nchi ni Wajiji na Waha. Babu zetu wengine walikuja na misafara kutoka Bagamoyo na Unguja, na wengine wengi ni Wamanyema, waliovuka ziwa hili hili kutoka huko huko alikotoka yule mama. Lau wenyeji wale wangaliwapokea babu zetu kwa kipimo tunachowapimia wengine, mji huu usingalikuwako. Hata jumuiya ya nchi zetu imekwisha kutuunganisha: Burundi imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo tangu mwaka 2022. Serikali katika lango la Gombe humhesabu Mkongo kuwa ni mtu wa ndani, na sisi katika boti twamhesabu kuwa ni wa nje!

Nitawakumbusha kisa cha mji wetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, amechoka, akakuta mali aliyoletewa kutoka pwani imekwisha uzwa na mtu aliyeaminiwa kuifikisha. Aliandika hayo katika daftari yake, na dunia imeyasoma. Lakini aliandika na la pili. Mfanya biashara mmoja wa hapa, Said bin Majid, alimjia kwa nafsi yake, bila ya kuombwa, akamwambia kuwa hana bidhaa kwa wakati ule ila anayo pembe, na akamtaka radhi aiuze pembe hiyo ampe yeye bidhaa zake. Wala Stanley alikuwa hajafika, na hapana aliyejua kuwa msaada u njiani. Sisemi kwamba Ujiji ya siku zile ilikuwa mji wa malaika. Watumwa walipita hapa, na dhulma hiyo haina wa kuitetea. Nasema kwamba mgeni mmoja, katika mji mmoja, alikutana na Waislamu wawili: mmoja aliona katika ugeni wake nafasi ya kula, na mwingine aliona katika ugeni huo huo haki juu yake. Kila mmoja wetu leo akikaa dukani au chomboni achagua kuwa mmoja wa hao wawili.

Na ninyi wa pwani mna kisa kilicho kikongwe zaidi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi hii: kila mfanya biashara akishuka merikebuni hufikia kwa mwenyeji mmoja, na mwenyeji huyo ndiye humuuzia na kumnunulia. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia bila ya mwenyeji wake kuwapo, biashara ile hawaihesabu kuwa ni biashara. Hiyo ndiyo maana ya mwenyeji, ndugu zangu. Mwenyeji ni mtu aliyesimama baina ya mgeni na ujinga wa mgeni. Sisi twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," tukafahamu kwamba tutapona kwa kumchuna! Wazee walikusudia baraka iingiayo nyumbani pamoja na mgeni, wala hawakukusudia mfuko wake.

Kisha tazameni daraja iliyo juu ya haki, nayo ni ihsani. Imamu Ghazali katika Ihya amemtaja Muhammad bin al-Munkadir, aliyekuwa na nguo za kuuza, nyingine za dirhamu tano na nyingine za kumi. Akatoka, na nyuma yake kijana wake akamuuzia bedui mmoja nguo ya tano kwa kumi. Aliporudi akajua, akamtafuta bedui yule mchana kutwa hata akamwona. Bedui akasema kuwa ameridhika. Mzee akamjibu kwamba hata akiridhika yeye, wao hawamridhii ila wanalojiridhia nafsi zao. Akamkhiyarisha achukue nguo ya kumi, au arudishiwe tano, au airudishe nguo apewe fedha zake zote. Bedui akachukua tano. Alipouliza jina la mzee huyu na kuambiwa, alisema kwamba huyu ndiye ambaye wao huko jangwani, mvua ikikatika, huombewa mvua kwa baraka yake. Tazameni: mgeni alikuwa ameridhika, na bei ilikuwa imesihi, walakini mtu yule hakulala mpaka amerudisha. Na ilikuwa rahisi kwake kusema kama tusemavyo sisi, "Si ameridhika mwenyewe?"

Basi mukhtasari wa maneno yetu ni huu. Bei mbili si kosa kwa kuwa ni mbili. Kosa ni bei isiyoweza kutajwa mbele ya wote. Mwenye kuuza ajiulize neno moja: je, naweza kuitaja bei hii kwa sauti, na sababu yake, mbele ya abiria wote, kabla mguu wa mgeni haujaingia chomboni? Akiweza, na mgeni akaridhika hali ajua, biashara yake imesihi, na kumpunguzia mwenyeji ni hisani yake. Asipoweza, akaona haja ya kunong'ona, au ya kungoja maji yawe mengi, au ya kusema "ndiyo ya wote" na hali si ya wote, ajue kuwa ulimi wake umekwisha kumhukumu kabla ya kadhi. Sura ya Mutaffifin imewaonya watu wenye vipimo viwili, kamili wanapojipokelea na pungufu wanapowapimia wengine. Na ugeni wa mtu haukutajwa humo kuwa ni udhuru.

Imebaki jawabu ya mwanafunzi wangu. Mwanangu, ile nauli ya pili ilikuwa yangu mimi. Mwalimu wako alisafiri kwa fedha ya mama wa Kongo, na akamwombea dua aliyemnyang'anya. Hiba ya nahodha ingalikuwa halali lau ingalitoka katika mali yake. Lakini alinipa kwa mkono mmoja alichokitwaa kwa mkono wa pili, nami nikaona, nikapokea. Na kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko kutoza kwake, kwa sababu yeye alikuwa na haja ya mafuta, na mimi sikuwa na haja ila ya kuheshimiwa.

Nimemlipa nahodha nauli yangu ya siku ile. Yule mama nimemuulizia pale pwani na kwa watu wa ng'ambo wanaoishi Ujiji, wala sikumpata. Kwa mwenye haki asiyejulikana alipo, nimetoa sadaka kiasi kile kwa niaba yake, na nia ya kumlipa siku nitakayomwona. Na nimemwambia nahodha kwamba mimi sikumkomboa yeye, dhima yake i juu ya shingo yake hata atoe au asamehewe na mwenyewe. Hakunijibu kitu. Akabusu mkono akaenda zake.

Baadaye nilipita tena Kibirizi. Nilimsikia akiita nauli kwa sauti kabla ya kupakia, moja kwa mtu wa kijijini na kwa mtu wa Kongo. Wageni wawili wa Kizungu akawatajia nauli kubwa, akawaambia kuwa hiyo ni yao, na ya wenyeji ni kadha, na kwamba atawafikisha hata pwani ya hifadhi na kuwangoja. Wakateta kidogo, akawapunguzia, wakapanda wakicheka. Sikumwambia neno. Lau angaliwatoza sawa ningalimpenda zaidi, lakini alilolifanya liliweza kutajwa mbele ya wote.

Na nilipoyatazama maji nilikumbuka mwezi wa Mei 2015, watu wa Burundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga kwa maelfu, na Liemba, meli ile ile ya nauli mbili, ikaenda ikawachukua hata Kigoma. Siku zile hapana aliyesimama langoni kuuliza huyu ni wa bei gani. Nasi tuliosimama pwani tuliwaona wakishuka na vijungu vyao na watoto wao, na kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba kilichotutenga nao ni upande wa mpaka tuliozaliwa, basi.

Tunamwomba Mwenyiezi Mungu atupe riziki ya halali iliyo ndogo yenye baraka, atuepushe na nyingi isiyo na baraka, atusamehe tuliyoyaona tukanyamaza, na siku tutakapokuwa wageni mbele yake, hatuna lugha wala jamaa wa kutusemea, asitupimie kwa kipimo tulichowapimia waja wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.